Lango la Biti Thelathini na Mbili

(Hotuba ya Bwana Silas Kaburu, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Kompyuta ya Vibali vya Mifugo, mbele ya lango la karantini, Isiolo, mwaka 1988. Ng'ombe wako ndani ya ua. Wenye ng'ombe wako nje. Mratibu Mkuu amesimama juu ya sanduku kubwa la mbao.)

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, ambaye hakuweza kufika lakini ametuma kiti chake. Bwana mwakilishi wa mwakilishi wake. Machifu wote na manaibu wao, na wale wanaonyemelea unaibu. Maimamu na mapasta. Wafanyabiashara wa mifugo kutoka Merti, Kulamawe na Ngaremara. Akina mama wa maziwa. Walimu mliowaleta watoto waimbe mkasahau kuwafundisha wimbo. Karani wangu Bwana Githae. Askari wetu wa lango Bwana Warsame. Na ninyi wananchi watukufu mliosimama juani kwa hiari yenu baada ya machifu kupita nyumba kwa nyumba: salaam aleikum, na wale wengine, hamjambo! (Makofi ya machifu.)

Kabla sijasema, wacha niseme mimi ni nani. Mimi ni yule Kaburu aliyeanza biashara na ngozi mbili za mbuzi mgongoni, bila baba wa kumshika mkono, bila mjomba ofisini, na leo mnaniona naongea nanyi kwa kipaza sauti. (Sauti: Hakina betri!) Ninaongea kwa kipaza sauti, na mambo ya betri yako chini ya idara nyingine. Waliosoma bure walinicheka. Walisema Kaburu hajui maendeleo, Kaburu anajua ngozi. Lakini mimi ni mtu wa hesabu, na hesabu haina undugu wala kabila, ndiyo maana nikapewa mradi huu.

Nimeripotiwa manung'uniko. Nimeambiwa kwamba ng'ombe wamefungiwa ndani ya ua huu tangu mvua zilipokatika. Kwamba daktari wa mifugo amewapima homa ya mapafu akawakuta wazima. Kwamba nyasi zimekwisha na sasa wanachimba mizizi kwa kwato. Na kwamba kinachowazuia kwenda soko la Nairobi ni kipande kimoja cha karatasi kiitwacho kibali, ambacho zamani Bwana Githae alikuwa akikiandika kwa mkono huku akitafuna mandazi. Wananchi, hayo yote ni kweli, na ndiyo sababu najivunia! Ni mimi niliyepiga marufuku vibali vya mkono, kwa kuona mbele, kwa plani, kwa koodinesheni, ili kompyuta ikianza kazi isikute mtu ameifanya kazi yake. (Ng'ombe mmoja analia.)

(Mama mmoja anasogea mbele: Bwana Kaburu, mimi ni Gumato wa Kulamawe. Huyo unasikia analia ni Diimtu, yule mwekundu. Ni wangu. Jana wawili wamelala na hawakuamka. Niandikie karatasi leo niwatoe hawa wamebaki.)

Mama Gumato, keti. Swali lako ni zuri sana na litajibiwa na teknolojia.

Prosesa ni nini? Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Ni kidude cheusi, kidogo kuliko kwato ya mbuzi, chenye miguu mingi kama jongoo. Prosesa ya zamani, ile ya bei nafuu ambayo kamati yangu iliichagua katika awamu ya kwanza baada ya semina tatu na chakula chake, inaitwa nane sifuri nane nane. Ndani yake mna swichi elfu ishirini na tisa. Moyo wake unapiga karibu mara milioni tano kwa sekunde moja, na wataalamu kipimo hicho wanakiita megahezi. Nani hapa ana moyo wa kupiga namna hiyo? (Sauti: Mwenye ng'ombe!)

Hata hivyo ilikuwa na kasoro, nami sifichi kasoro inayonifanya niombe mashine nyingine. Huko ndani iliwaza kwa biti kumi na sita, lakini mlango wake wa kutolea mawazo ulikuwa wa biti nane tu. Unafuu wake ndio huo. Sasa, prosesa ya kisasa, tatu nane sita, ina swichi laki mbili na elfu sabini na tano! Megahezi kumi na sita! Na mlango wake, jamani, ni wa biti thelathini na mbili! (Makofi. Chifu mmoja anaamka.) Fuateni hesabu. Moyo unapiga mara tatu na zaidi. Mlango ni mpana mara nne. Zidisha: mara kumi na tatu. Yaani kibali ambacho kwa prosesa ya zamani kingechukua miezi mitatu, kwa ya kisasa kitachukua wiki moja!

(Sauti: Na ile ya zamani ilitoa vibali vingapi?)

Sifuri.

(Sauti: Sifuri mara kumi na tatu ni ngapi?)

Bwana Githae, usijibu. Hiyo ni hesabu ya kisiasa.

Najua mtauliza, kwani ya zamani ilipatwa na nini? Haya, tusemezane kama watu wazima. Sanduku lilifika hapa juu ya lori, mchana, mbele ya macho yenu, likiwa na maandishi ya kutisha ya kizungu. Mzee Doyo, huyu aliyeketi hapa, akaja na kibuyu akalibariki kwa maziwa, kama Waborana wanavyobariki kila kitu kinachoingia boma. Mimi naheshimu desturi. Lakini kamati yangu iliketi, ikasafiri, ikaketi tena, ikatoa ripoti ya kurasa mia moja na arobaini ambayo kwa lugha ya mwananchi wa kawaida inasema hivi: mradi uliuawa na maziwa!

(Mzee Doyo, bila kusimama: Kaburu, kijana yangu, mimi nilimwaga maziwa juu, yakatoka chini saa hiyo hiyo, meupe vile vile. Yangekutana na kitu huko ndani, si yangechelewa kidogo? Na sanduku lenyewe si ndilo hilo umesimamia?) (Kicheko kirefu. Hata kiti cha Mkuu wa Wilaya kinatikisika, kwa sababu mtoto amekikalia.)

Mzee, huo ndio ushahidi kwamba ilikuwa na kasi!

(Mama Gumato: Bwana Kaburu, hilo sanduku halili nyasi. Ng'ombe wangu wanakula. Karatasi!)

Mama, shida yako si karatasi, shida yako ni kwamba hujaelewa biti. Naona hakuna aliyeelewa biti hapa. Wacha niwafundishe kwa kitu mnachokijua. Bwana Warsame! Toa nguzo za lango, nafasi ya ng'ombe wanane tu. (Warsame: Mkubwa, nitoe kweli?) Mratibu Mkuu ni nani hapa? Toa! Haya. Wananchi, geukeni mtazame. Hiyo ndiyo prosesa ya zamani. Mnaona ng'ombe wanavyosukumana pale, wanavyokanyagana, yule mwekundu ameingiza kichwa lakini mwili umekwama? Hiyo ndiyo biti nane! Taabu tupu! Sasa, Warsame, toa nguzo zote. Zote, mpaka ile ya mwisho. Wananchi watukufu, mbele yenu, kwa mara ya kwanza katika historia ya wilaya hii, hilo ndilo lango la biti thelathini na mbili!

(Mluzi mmoja. Ni wa Mama Gumato. Halafu miluzi mingi. Ng'ombe wanamiminika nje. Vumbi.)

Basi, mmeona... Inatosha, mfano umeeleweka. Warsame, funga. (Warsame: Nifunge na nini, mkubwa? Nguzo zimebebwa na wananchi.) Wananchi, rudini! Hotuba haijafika kwenye takwimu! Machifu, wazuieni! (Machifu wanatafuta ng'ombe wao.) Bwana Githae, wewe uliyekaa kwenye jiwe pale langoni, unaandika nini juu ya goti?

(Githae: Vibali, mkubwa.)

Si nilivipiga marufuku?

(Githae: Mpaka kompyuta ianze kazi, ndivyo ulivyosema. Na sasa hivi umetangaza mbele ya umma kwamba hiyo ndiyo prosesa ya kisasa. Naiona inafanya kazi, nami sitaki kuiangusha. Mama Gumato, umesema wangapi?)

(Mama Gumato: Mborana hahesabu ng'ombe wake kwa mdomo. Andika hao unaowaona, na uandike haraka, Diimtu ameshafika lami.)

Ahem. Wananchi mliobaki. Mzee Doyo. Na wewe mtoto kwenye kiti. Nadhani sasa mmeelewa nilikuwa nawapeleka wapi tangu mwanzo, kwa sababu kiongozi hasemi kila kitu siku moja. Naomba iandikwe, na nitaiandika mwenyewe, kwamba prosesa ya kisasa chini ya uratibu wangu imeondoa msongamano wote wa karantini kabla ya adhuhuri, bila umeme, bila fundi, bila kununuliwa. Taja nchi nyingine iliyofanya hivyo! Ya zamani ilihitaji kufika ndipo ishindwe. Ya kisasa imefaulu bila kufika!

Prosesa juu! Juu zaidi! (Mtoto: Juu!) Kasi kwa mwananchi! Biti kwa kila boma!

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Mkuu wa Wilaya kwa kiti. Nawashukuru wafadhili, ambao majina yao tutayapata tukiwapata. Naishukuru prosesa ya zamani, ambayo tungeinunua, na ya kisasa, ambayo tutaiandikia barua. Na zaidi ya yote nalishukuru sanduku hili, ambalo kwa miaka yote hii limeubeba mradi mzima peke yake, wala halijawahi...

(Ubao unavunjika. Mratibu Mkuu anazama mpaka kiunoni. Ndani hamna kitu cha kumchelewesha.)

...asanteni. Asanteni sana. Mnaona wenyewe, nafasi ya kompyuta bado ipo.