Vita Vyangu na Asilimia Mbili

Jumapili, 2 Februari 2025

Leo nimeamka na akili. Mchungaji akihubiri, mimi nikawa napiga hesabu nyuma ya bahasha ya sadaka. Chama cha walimu kinanikata asilimia mbili ya mshahara kila mwezi. Elfu kumi na saba! Kwa mwaka ni laki mbili na elfu nne. Na hakijawahi kunipa hata kalamu. Fulana ya Mei Mosi nilipewa, sikatai, ila haikupita kichwani. Mwalimu Rozi, mwakilishi wa chama hapa shuleni, yeye alipata ya saizi yake, na kofia juu.

Sheria iko wazi: mtu halazimishwi kuwa mwanachama. Unajaza fomu ya kujitoa, unasubiri mwezi mmoja, makato kwisha. Fedha hiyo nitanunulia maharage Isansa, nikauze Tunduma, Wazambia wayagombanie. Nimemweleza mke wangu, Atuganile. Kasema Baba Diana, hivyo hivyo ulisema kuhusu sungura. Hana maono huyu mwanamke.

Ijumaa, 7 Februari

Nimeshinda! Wiki nzima nimepanda na kushuka kati ya kwetu Mbebe na ofisi za halmashauri Itumba. Fomu moja, meza tano. Jumatatu masijala: muhuri, njoo kesho. Jumanne utumishi: muhuri, njoo kesho. Jumatano mwenye muhuri alikuwa msibani, nikamsubiri mpaka akarudi. Jana uhasibu, leo elimu. Mihuri mitano ya bluu, kila mmoja na tarehe yake! Nimetoa kopi tatu. Moja nimeibandika kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya walimu, Rozi aione vizuri.

Jioni nimekutana na Mwalimu Mkuu, mzee Yesaya. Kaniuliza jino linaendeleaje, maana ndiyo sababu niliyompa ya kutofika kazini. Nikashika shavu la kushoto. Nadhani Jumapili, nilipomuaga, nilishika la kulia.

Jumanne, 25 Machi

Mshahara umeingia. Nimefungua hati ya malipo kwenye simu. Mstari wa chama haupo! Nimeruka mbele ya darasa la tano. Kisha nikatazama chini kidogo. Ada ya uwakala: elfu kumi na saba. Nikaketi.

Rozi kanieleza bila kuombwa, mbele ya walimu wote. Chama chenye wanachama wengi ndicho kinachojadiliana na mwajiri kwa niaba yetu sote. Mshahara ukipanda, unapanda hata kwa asiye mwanachama, kwa hiyo sheria inaruhusu naye akatwe. Kasema ukila ugali wa wote, kuni utachangia.

Yaani nalipa kilekile, ila kura sipigi na fulana sipati. Mwalimu Gwalugano wa darasa la tatu kacheka mpaka katoka nje.

Alhamisi, 27 Machi

Barua kutoka Itumba! Natakiwa kujieleza kwa nini nisifukuzwe kazi. Utoro, siku tano mfululizo bila ruhusa. Ushahidi umeambatanishwa. Nimeugeuza ukurasa: kopi ya fomu yangu! Mihuri mitano, tarehe tano! Mzee Yesaya alikuwa anasoma matangazo tu, masikini, kama afanyavyo kila Jumatatu.

Naogopa, naandika wazi. Miaka kumi na nne ya chaki, watoto watatu, na huu mshahara ndio tegemeo letu. Atuganile kaisoma barua, kaikunja, kaenda kupima unga uliobaki. Afadhali angesema la sungura.

Ijumaa, 28 Machi

Nimepiga simu kuuliza kama mtu anaruhusiwa kwenda kwenye kikao cha nidhamu na mtetezi. Anaruhusiwa. Mwanachama hutetewa na chama. Na kwa shule yetu chama ni nani? Rozi!

Nimempelekea parachichi sita. Kazipokea, kaminya moja moja, kisha kaniuliza kwa upole kama mimi ni mwanachama. Nikatazama viatu vyangu. Akatoa fomu ya kujiunga kwenye mkoba. Jina langu lilishajazwa, na tarehe ya leo! Nimetia sahihi bila kusoma.

Ijumaa, 11 Aprili

Kikao Itumba. Rozi kasoma vifungu mpaka mjumbe mmoja akaomba maji. Kisha kaviweka kando. Kasema waheshimiwa, mtoro wa kweli huficha nyendo zake. Huyu kakusanya ushahidi dhidi yake mwenyewe, kaugongesha mihuri, kautolea kopi, kaubandika ukutani. Mtu wa namna hii hana ujanja wa kuiibia serikali hata dakika moja.

Wajumbe walicheka. Mwenyekiti alivua miwani akafuta machozi. Hukumu: onyo la maandishi, na vipindi nifidie. Kazi ipo! Nimemshukuru Mungu palepale mlangoni. Nimemshukuru na Rozi, kwa shida.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimetafakari. Mwanamke kaniita mjinga mbele ya kamati nzima, na mimi ndiye ninayemlipia! Haiwezekani. Nimeisoma sheria upya, safari hii mpaka mwisho. Wafanyakazi ishirini wakikubaliana, wanaweza kuunda chama chao. Ishirini tu!

Mimi ni wa kwanza, kwa hiyo mwenyekiti. Na mhazini. Sadoki, mlinzi wa shule, kakubali kuwa wa pili, ingawa analipwa na wazazi kwa mahindi. Atuganile kakataa ukatibu. Bado kumi na wanane.

Wanachama wangu hawatanyonywa kama nilivyonyonywa mimi. Makato yatakuwa asilimia tatu.