Lalla Tamou Apanda Kwenda Tanurini

Enyi mlioketi na mliosimama, tulizeni vikombe vyenu, niwasimulie vita vya nyonga ya kushoto ya Lalla Tamou, mjane wa mji wa Fes, simba jike wa kichochoro cha washona matandiko, aliyeukabili mlima kwa silaha moja tu, bakora.

Asubuhi ile mwanawe Anouar alimjia na maneno mazito. "Mama, hamia kwangu mji mpya. Kuna lifti. Hapa hata mkate wako unaletewa na jirani kutoka tanuri la mtaa, kule juu mlimani."

"Na nikiuleta mwenyewe leo?"

"Sitalitaja tena."

"Basi kaa uchemshe chai."

Akatoka, bakora mkono wa kushoto, upande uleule wa maumivu. Nanyi jueni: kila mtu anyanyuapo mguu mmoja, kiwiliwili chote huelemea nyonga ya pili, nayo misuli ya ubavuni huivuta kwa nguvu asije akapinduka, hata kifupa cha mviringo cha nyonga hiyo kikabeba uzito wa mwili mara tatu na zaidi. Na Lalla Tamou, mpenzi wa siagi na asali, hakuwa mwepesi.

Katikati ya mlima nyonga ikamwasi. Akasimama mbele ya duka la Si Driss, mshona matandiko ya punda na nyumbu, akihema.

"Daktari alisema ushike bakora mkono gani?" akauliza Si Driss, sindano mdomoni.

"Wa kulia. Daktari yule nilimbeba mgongoni akiwa mtoto, leo anifundishe kutembea? Kinachouma ni kushoto."

"Haya. Umwa kwa heshima."

Mara, kutoka juu, akashuka nyumbu wa kutisha, amesheheni ngozi mbichi, na mwenyewe nyuma akipaza sauti, "Pisha, pisha!" Lalla Tamou akajitupa ukutani, mkono wa kushoto ukakamata jiwe, bakora ikarukia wa kulia. Nyumbu akapita. Shujaa akapiga hatua, akangoja maumivu. Yakaja madogo, kama mgeni mwenye haya, kwani bakora ya kulia sasa ilikiegemeza kiwiliwili na misuli ya nyonga mbovu ikapumzika. Akapiga nyingine. Akatazama huku na huku kama kuna aliyeona, kisha akapanda, bakora kulia, bila kumgeukia Si Driss aliyekuwa akicheka ndani ya ngozi zake.

Aliporudi mlangoni kwake kutoka tanurini na mikate ya moto mkono wa kushoto, Anouar akaitazama bakora.

"Mama, umemsikiliza daktari."

"Daktari gani? Nimefundishwa na nyumbu. Mimina chai."

Na ijulikane kwa vizazi vyote kwamba siku hiyo mlima wa tanuri ulitekwa, na mji mpya, pamoja na lifti zake zote, ukashindwa.