Kuondoka Kwenye Grupu Si Kuondoka Kwenye Ukoo

Erastus Kitheka,
Nyumba za nyuma ya stesheni,
Syokimau.

Kwa Mwenyekiti wa Ukoo, Tawi la Kalama,
Mzee Maundu, ambaye pia ni Baba Mkubwa wangu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, na Baba Mkubwa,

KUH: KUTANGAZWA KWAMBA NIMEUHAMA UKOO, NA WAZEE KUKATAA KUNISINDIKIZA KWENYE NTHEO

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kwamba goti limepoa na kwamba mvua, kama imekumbuka njia ya Kalama, imenyesha upande wako wa kilima pia. Mimi ni mzima. Naandika kwa karatasi kwa sababu nikikupigia simu huwa unaniambia niandike kwenye grupu ili wote waone, na kwenye grupu mimi sipo. Hilo ndilo lililozaa barua hii.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi ijayo natakiwa kupeleka mbuzi wa ntheo nyumbani kwa kina Mutheu, kule Mitaboni. Bila mbuzi hao, hata tukiishi pamoja hadi tuote mvi, Mutheu hatahesabiwa kuwa mke wangu, na wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Mbuzi nao hawaendi bila wazee. Sasa binamu yangu Masila ameniletea arafa inayosema: "Wazee wamesema aliyeondoka ameondoka, mbuzi ujipelekee," na mwishoni vijisanduku kadhaa vitupu. Yaani nilibonyeza kitufe cha kutoka kwenye grupu, simu zenu zikaandika kwamba Kitheka ameondoka, na kamati ikayachukua maneno hayo kama yalivyo. Mimi, ambaye kazi yangu tangu nitoke chuoni ni kupima programu za kompyuta, nimefukuzwa ukooni na sentensi iliyoandikwa na mashine.

Naomba kulalamika kwa mpangilio.

1. Kuhusu app yenyewe. Ile app ya kijani ambayo Kenya nzima imejifungia ndani si chombo cha watu wazima. Picha ikiingia humo hutoka imekamuliwa. Picha ya Shangazi Kalunde akipokea cheti cha chama cha akina mama ilinifikia uso wake umelainika kama uji, nikashindwa kujua ni yeye anayepokea cheti au ni cheti kinachompokea yeye. Kila alfajiri kuna waridi linalometameta la kunitakia siku njema, waridi lilelile, kutoka kwa watu tofauti, wote wakiwa wameamkia Kalama ambako sijawahi kuona waridi. Emoji nazo siwezi kuzijadili bila kupandwa na hasira. Mtu mwenye akili timamu, aliyesomeshwa kwa jasho la wazazi wake, anajibu taarifa ya msiba kwa katuni ya uso unaolia. Simu yangu nimeiwekea mfumo nilioujenga kwa mikono yangu, na emoji nimezing'oa zote. Mtu akinitumia naona vijisanduku vitupu, na naishi kwa amani sana.

2. Kuhusu jumbe za sauti. Hapa naomba radhi mapema, kwa sababu nakugusa wewe. Maandishi mtu huyasoma kwa mwendo wake, akaruka asiyoyataka. Ujumbe wako wa sauti hauna mahali pa kurukia. Unaanza kwa kukohoa, unamfukuza mbuzi kwenye mahindi, unasalimia kila boma kwa jina, kisha anawika jogoo. Jambo lenyewe, kama lipo, limekaa baada ya jogoo. Sijawahi kufika baada ya jogoo. Ule wa mwisho ulikuwa mrefu kuliko ibada ya asubuhi, nao uliingia punde tu baada ya mimi kurudia pendekezo langu nitakalolieleza hapa chini. Nikautazama urefu wake, nikajua nagombezwa, nikatoka bila kuusikiliza. Hiyo ndiyo siku mnayoiita siku niliyouhama ukoo.

3. Kuhusu pendekezo. Nilikuwa nimewajengea seva. Ni kompyuta ndogo iliyokaa chini ya meza yangu ya chakula, inayotunza mazungumzo ya ukoo bila kampuni ya ng'ambo kuchungulia. Programu yake ni huria, haina matangazo, na haina waridi. Kujiunga ni rahisi: mtu anapakua, anatengeneza ufunguo wa siri, anauhifadhi mahali salama, kisha anauthibitisha kwa kifaa cha pili. Katika ukoo mzima alijiunga Baba Mdogo Festus peke yake, tena kwa bahati mbaya, alipokuwa akitafuta bei ya ndengu. Mpaka leo hajajua namna ya kutoka. Nimesikia mnalalamika kwamba stima ikipotea Syokimau seva hulala. Ni kweli, lakini hata nyinyi hulala.

4. Kuhusu katibu. Shangazi Kalunde huandika kumbukumbu za mkutano kwenye kompyuta ya cyber pale mjini Machakos. Badala ya kuituma hati kama hati, anaipiga skrini picha kwa simu, imeenda upande, kidole gumba chake kikiwa ndani, na ajenda ya tatu haijawahi kusomwa na mtu yeyote. Huyohuyo ndiye admin. Tangu Pasaka alimwingiza Mutheu kwenye grupu, kabla ya mbuzi hata mmoja kutia mguu Mitaboni. Kwa hiyo leo mchumba wangu ni mwanachama wa ukoo wangu, na mimi siye.

5. Kuhusu gemu. Kwenye mkutano uliopita ulisema mbele ya umati kwamba mwanamume anayecheza gemu ni mtoto aliyeota ndevu, kisha ukauliza shamba langu la Kalama litalimwa na nani. Baba Mkubwa, mimi ni mkulima. Kwenye gemu ninalolicheza nina nyanya, ng'ombe wa maziwa na bwawa, na mvua haijanikosa hata msimu mmoja. Nimelilinganisha shamba hilo na lile la Kalama bila upendeleo, na lazima niseme Kalama ni gemu lililotengenezwa vibaya. Mchezaji anapanda, anapalilia, anasubiri, halafu hakuna kinachotokea. Ugumu umewekwa juu mno tangu mwanzo. Hakuna mahali pa kuhifadhi ulipofika, na malalamiko ya wachezaji yanapelekwa mbinguni kila mwaka bila marekebisho yoyote. Bado mnalicheza kila msimu, na anayeitwa mtoto ni mimi.

6. Kuhusu video. Tulipomzika Susu, bibi yetu sote, kazi ya kurusha mazishi mtandaoni alipewa Masila kwa sababu ana simu yenye kamera tatu. Padre akibariki kaburi, chini ya miguu yake kulikuwa kunapita maandishi mekundu yanayomwomba mtazamaji abonyeze kengele. Masila akaongeza wimbo wa watu bila ruhusa, mtandao ukazima sauti yote, na ndugu zetu walio ng'ambo wakamwona padre akifungua na kufumba mdomo mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nimejitolea kurekodi kwa mitambo ya kweli. Nikaambiwa nishike mwavuli.

7. Kuhusu hatua nilizochukua. Kwa kuwa sina wazee, nilitafuta wengine. Watumiaji wenzangu wa programu huria wamekubali kuwa wazee wangu kwa siku moja. Mmoja yuko Poland, mmoja yuko Kisumu, na wengine wawili nawajua kwa majina ya bandia tu, lakini hoja zao ni nzito. Nilikwenda kwa Mzee Musili, baba yake Mutheu, nikamweleza kwamba watahudhuria kwa video, simu moja juu ya kila kigoda. Mzee alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Mama yake Mutheu ndiye aliyeuliza kichwa cha mbuzi kitapewa simu ipi. 

8. Kuhusu hatua ninayokusudia kuchukua. Katika ulimwengu wa programu huria, viongozi wakikataa kusikia, mtu ana haki ya kunakili kazi yote na kuendelea nayo kwa jina jipya. Natoa notisi kwamba msipobadili msimamo, Jumatatu nitaunakili ukoo. Nitachukua mababu wote, miiko yote, nyimbo na hadithi ya tulikotoka. Nyinyi mtabaki na nakala yenu kamili, hakuna atakayepungukiwa. Ukoo wangu utaitwa toleo la pili. Wanachama waanzilishi ni mimi na Baba Mdogo Festus, ambaye hawezi kutoka. Yeye ndiye atakuwa baraza la wazee, na ndiye atakayebeba asali ya kuwapelekea wakwe Jumamosi.

Baada ya kusema hayo yote, naomba niseme na jambo moja bila namba. Naogopa, Baba Mkubwa. Baba yangu hayupo tena, na kile kigoda cha mbele pale kwa Mzee Musili kingekuwa chake. Sina mwingine ninayetaka akikalie ila wewe. Nikifika langoni na mbuzi bila mtu mzima wa kwetu, watadhani nimewaiba. Mutheu amenivumilia mimi na seva yangu kwa muda mrefu, na sitaki kumwona amesimama mlangoni akitazama nyuma yangu kama kuna wengine wanaokuja.

Kwa hiyo naomba kamati itamke kwa maandishi, si kwa sauti, kwamba mtu huzaliwa ukooni na hawezi kutolewa humo na kitufe, na kwamba wazee watakuja.

Nisalimie Mama Mkubwa, na umwambie muthokoi wake wa mahindi yaliyokobolewa bado sijaona mfano wake huku. Nisalimie Shangazi Kalunde na kidole chake gumba. Nisalimie Baba Mdogo Festus, ingawa huyo naweza kumsalimia mwenyewe kwenye seva. Msalimie Masila, baridi baridi. Salamu pia kwa kila boma, kwa mpangilio uleule unaoutumia wewe, na kwa yule jogoo.

Ni mimi, kwa damu kama si kwa grupu,

Erastus Kitheka.

N.B. Haya nayaandika kwa kalamu, maana stima imepotea na printa imelala pamoja na seva.

Mutheu amefika jioni hii, akaisoma barua yote amesimama, akacheka mpaka ikabidi akae. Nikamwonyesha ile arafa ya Masila. Ameniambia vile vijisanduku, kwenye simu za watu wengine, ni nyuso zinazocheka mpaka machozi. Masila alikuwa ananitania, na alidhani nimeelewa.

Kisha akanifungulia ule ujumbe wako wa sauti, anao kwenye simu yake. Huwa anazisikiliza zote akipika, na alidhani nami huu niliusikia kabla ya kutoka. Nilitaka kuruka mbele akanishika mkono, kwa hiyo nimesikia kikohozi, nimesikia mbuzi akifukuzwa, nimesikia maboma yote, nimemsikia jogoo. Baada ya jogoo ulisema kwamba wazee wote watakuja Jumamosi. Ulisema mbuzi wa ntheo umewachagua mwenyewe, wako kwako, na yule mharibifu wa mahindi ni mmoja wao. Ulisema kigoda cha marehemu ndugu yako utakikalia wewe. Halafu ukaomba baada ya harusi nije niwafundishe hiyo seva yangu, polepole, kwa sababu Festus amekwama ndani na hapendi kuniambia.

Barua hii ningeichana, ila Mutheu ameshaipiga picha na kuituma kwenye grupu, imeenda upande, kidole gumba chake kikiwa ndani. Ananiambia Shangazi amejibu. Amenirushia jibu lenyewe kwenye simu yangu, na mimi naona vijisanduku vitatu.

Tafadhali mwambie aniingize tena. Nambari yangu ni ileile. Nitakujibu kwa sauti, Baba Mkubwa, na unisamehe ikiwa ndefu, kwa sababu najua nitaanza kwa kukohoa.