Kipimo cha Paani

Jumatatu, 3 Machi
Cheo cha mkuu wa idara kiko wazi. Tumebaki wawili, mimi na mwenzangu tunayemwita Miwani. Kila adhuhuri mmoja wetu hupanda paani na chombo, anaelekeza juani, anapima kutoka chini tabaka la ozoni linalochuja ukali wa jua. Setilaiti inalipima kutoka juu. Majibu yakilingana, redio inatangaza hali ya jua. Wiki hii zamu yangu. Ngazi ya chuma inaunguza viganja! Nipande ya nini, na setilaiti imeshapima? Nimechukua jibu lake, nikapunguza kidogo lisishukiwe. Chai kivulini. Kichwa changu hiki, jamani!

Jumanne, 4 Machi
Mkuu wa kituo kanisifu mbele ya wote. Vipimo vya Miwani wiki jana havikulingana hata kidogo. Akajitetea kwamba setilaiti imezeeka, inaona ozoni isiyokuwepo. Mkuu akamuuliza mbona mwenzake hana shida hiyo. Miwani akanywea. Nilimhurumia kwa muda wa funda moja la chai.

Jumatano, 5 Machi
Miwani anataka tupande wote. Balaa! Nimeficha ufunguo wa paa ndani ya soksi, nikasema fundi kaondoka nao. Redio imetangaza: jua la kawaida, watoto wacheze. Jioni binti yangu kauliza kama kesho aende kwenye mbio za shule. Ngozi yake haistahimili jua. Daktari alimkataza kutoka nje tabaka likikonda. Nilisita. Lakini nikimzuia mwanangu baada ya tangazo langu mwenyewe, watu watasemaje? Nimemwambia akimbie, ashinde.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu kapiga simu ofisini, analia. Mtoto kavimba uso, malengelenge mabega mazima, macho hayafunguki. Miwani kaazima chombo cha chuo, kapimia uwanjani. Tabaka limekonda vibaya, na setilaiti haijui lolote. Nimelia chooni. Ufunguo ungali kwenye soksi, umenichubua.

Ijumaa, 7 Machi
Hospitali. Bandeji mpaka machoni. Binti kauliza kama tangazo lilikosea. Nikajibu setilaiti imezeeka. Akaniambia pole baba, kazi yako ngumu. Roho iliniuma sana.  Mama yake alikuwa akitazama jinsi ninavyochechemea.

Jumatatu, 10 Machi
Cheo kachukua Miwani. Fitina tupu! Hakunigombeza. Kaagiza kuanzia leo tupime wawili, yeye uwanjani, mimi paani, kila mtu kivyake, ndipo tulinganishe. Ngazi ile ile! Bahati nzuri yeye hutangulia, na jibu lake huliacha mezani akienda kunawa. Nimelichukua, nikaongeza kidogo lisishukiwe.
Binti kapiga simu kutoka wodini. Wamemfungua jicho moja, anataka kusogea dirishani. Akauliza jua la leo likoje. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, baba kalipima mwenyewe.