Merle Kunkel na Mchumba Asiyekula Kitunguu Saumu

Hapa Kratzburg, Pennsylvania, hakuna mtu anayezijua filamu za wanyonya damu kumshinda Merle Kunkel. Kama huamini, muulize Merle Kunkel.

Tena huna hata haja ya kumuuliza. Majani yakianza tu kuwa mekundu na maboga yakipangwa vibarazani, Merle huingia mkahawani kwetu asubuhi, hukalia kiti chake cha kaunta, na kabla kahawa haijamfikia ameshaanza kugawa dawa. Maana Merle hapendekezi filamu kama wewe na mimi. Anakukagua uso, anakuuliza umelalaje, una mke au bado, kisha anakuandikia filamu ya kutazama msimu huu wa Halowini, sikukuu ya huku ya kutishana, na kukuonya uizime kama utasikia kizunguzungu.

Mimi ndiye mpishi wa mkahawa huo. Dirisha langu la kupitishia sahani linatazamana na kiti chake, kwa hiyo dawa zote nimezisikia. Mwenye bosi mkorofi aliandikiwa Jeneza la Bluu. Maharusi wapya waliandikiwa Popo wa Ghorofa ya Juu. Mchungaji wa Kilutheri alipewa moja yenye kanisa ndani yake, akaambiwa asiwe na wasiwasi, kanisa linajitahidi. Mimi mzaliwa wa Tanga, niliyelala utotoni nikiwa nimejifunika shuka gubigubi kwa habari za mumiani, niliambiwa nianze na zile za zamani zisizo na rangi ili nisije nikapata mshtuko.

Kazi ya Merle ni kutengeneza meno ya bandia. Nusu ya wazee wa mji huu wanatafuna kwa kazi ya mikono yake, na ni kazi safi, hapo simnyimi haki yake. Ila ndipo kiburi kilipoanzia. Utamsikia akisema mnyonya damu wa filamu fulani alivishwa chonge za ovyo, hazikukaa sawa kwenye ufizi, mtu mwenye meno yale hawezi kung'ata hata ndizi. Ukimuuliza filamu yenyewe inaishaje, anainua kiganja na kufumba macho kwa upole.

"Sitaki kukuharibia utamu."

Kwa hilo alisifiwa mji mzima. Huku kwetu mtu anayekuropokea mwisho wa filamu ambayo hujaiona huhesabiwa hana malezi, na Merle hakuwahi kumharibia mtu utamu. Mimi nilianza kumshuku kwa sababu ya kechapu, ile sosi nyekundu ya nyanya. Mwanamume mzima, mzaliwa wa hapa hapa, anakula mayai na viazi bila kechapu, na jirani yake akiitikisa chupa yeye anageuka kutazama magari barabarani. Alisema ni tumbo lake.

Mwenye mkahawa ni Darlene Fetterhoff, mjane mwenye sauti ya kukwaruza na mkono mwepesi wa kumimina kahawa. Kama wahudumu wengi wa mikahawa ya huku, Darlene humwita kila mteja mpenzi. Dereva wa lori ni mpenzi. Mchungaji ni mpenzi. Mkaguzi wa afya, siku aliyotufungia jiko, alikuwa mpenzi mpaka anatoka mlangoni. Neno hilo mdomoni mwa Darlene halizidi uzito wa kijiko cha sukari.

Merle peke yake ndiye aliyelipokea, akalikunja vizuri, akaenda nalo nyumbani. Alimpenda Darlene, na hapa sitanii. Nilimwona anavyochana nywele kwenye kioo cha gari kabla ya kuingia, na anavyokaa mpaka tunapandisha viti juu ya meza. Nyuma ya maneno yale yote alikuwa mtu aliyechoka kula peke yake. Nilimwombea afanikiwe, ingawa nilimwombea huku nacheka.

Mwaka mmoja kikosi cha zimamoto cha kujitolea kikatangaza jioni ya Halowini ukumbini kwao: supu ya kuku na mahindi, pai, halafu filamu ya mnyonya damu ukutani. Narudia kwa faida ya ndugu zangu wa pwani: filamu ya mnyonya damu, ndani ya kituo cha zimamoto! Marehemu bibi yangu, aliyekuwa akiliona gari la zimamoto anatuficha uvunguni, angehama mtaa. Nilipomweleza mkuu wa kikosi, Chet Brubaker, kwamba enzi za bibi zetu watu wa kazi yake ndio walioaminiwa kufyonza damu za watu, alifikiri kidogo, akasema kwao ni vigumu hata kupata watu wa kufyonza maji.

Chet alikuja kumwomba Merle achague filamu na kuifungua kwa hotuba fupi. Merle alikubali kwa sura ya mtu aliyebembelezwa sana. Darlene, akipita na birika, akasema angependa kuja, lakini tangu mumewe afariki hajaweza kutazama filamu ya kutisha bila mtu wa kukaa naye.

Merle alikishika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Utakaa na mimi," alisema. "Ukiogopa, mkono wangu huu hapa."

"Haya, mpenzi," Darlene akajibu. "Tutakaa mpaka mwisho."

Mpaka mwisho! Siku nzima Merle alitembea na maneno hayo mawili. Asichokijua mtu ni kwamba mwisho wenyewe ndio uliokuwa tatizo.

Alichagua filamu iitwayo Mchumba Asiyekula Kitunguu Saumu. Alinionyesha kasha lake dirishani: bibi harusi mwenye gauni jeupe, bustani, mbalamwezi, tone la damu hakuna. Alinihakikishia ni ya mapenzi zaidi kuliko ya kutisha, ameitazama mpaka ameikariri. Kisha akarudi kwenye karakana yake na kujitengenezea chonge mbili za kupachika, kali na nyeupe, zilizokaa kwenye ufizi kama alizaliwa nazo.

Jioni ikafika. Supu ikaliwa, pai ikaliwa, Merle akasimama mbele akiwa na joho jeusi na nywele zilizopakwa mafuta. Nyuma yake Chet alikuwa akihangaika na kasha la filamu, mpaka akatoa kisu cha mfukoni na kuchana karatasi ya nailoni ya dukani iliyokuwa bado imelizingira. Niliona. Chet naye aliona, akanitazama.

"Mabibi na mabwana," Merle alianza, na chonge zikamnyang'anya herufi zake, "filamu hii thi kwa ajili ya watu wenye moyo mwepethi."

Watu wakapiga makofi. Merle akaketi kando ya Darlene mstari wa mbele, akaweka mkono wake juu ya mkono wa kiti, kiganja juu, wazi, tayari kwa yeyote atakayeogopa. Mimi nilikuwa nyuma yao na sufuria ya supu, nasikia kila kitu.

Taa zikazimwa. Nyumba kubwa ukutani, upepo, yule bibi harusi na mshumaa. Halafu mtu akapiga hodi.

Merle akamwegemea Darlene na kumnong'oneza kwamba asihofu, kuna sheria: mnyonya damu ana adabu, haingii kwa mtu mpaka akaribishwe, na huyu binti hawezi kuwa mjinga kiasi cha kumkaribisha. Hodi ikapigwa tena. Binti akasogea mlangoni, akashika kitasa, na kwa sauti ya asali akamwambia aliye nje aingie.

Mlango ukafunguka, akaingia paka.

Paka tu. Paka wa kawaida, mnene, aliyechoka na baridi. Hata watoto wadogo ukumbini hawakuguna. Lakini Merle aliruka kitini, meno yakagongana, na zile chonge alizozinoa kwa mikono yake mwenyewe zikazama kwenye mdomo wake wa chini. Akaupeleka mkono mdomoni. Akautazama mkono kwa mwanga wa ukutani.

Kisha akalala begani kwa Darlene taratibu. Waliokuwa nyuma walidhani mapenzi yameiva, na mama mmoja akasema, jamani, hatimaye. Ni pale alipoanza kuteleza kuelekea sakafuni ndipo Darlene alipoita zimamoto, ambao kwa bahati walikuwa wote pale na vipande vya pai mkononi.

Ndivyo ilivyokuwa. Filamu nzima, wanyonya damu chungu nzima, na aliyeng'atwa jioni ile ni mmoja, kwa meno yake. Zimamoto wakambeba kwenye machela, joho likiburuzika, wakamlaza kando ya gari lao jekundu. Alipofumbua macho, Darlene alikuwa ameinama juu yake na barafu, na Chet amesimama na kasha la filamu.

"Merle," Chet alimuuliza, "hii uliitazama lini?"

"Thiku nyingi," Merle akasema.

"Nailoni nimeichana mwenyewe leo."

Merle alimtazama Chet, akamtazama Darlene, kisha akafumba macho tena, safari hii kwa hiari yake. Darlene alimshikisha barafu, akamfunika blanketi vizuri mpaka kidevuni, na akarudi ndani. Nilidhani anafuata pochi yake. Kumbe alikwenda kukaa, peke yake, akaitazama filamu mpaka mwisho huku anamalizia pai ya Merle.

Baada ya hapo kiti cha kaunta kilikaa kitupu. Halowini ikapita, maboga yakaanza kuoza vibarazani, wateja wakawa wanauliza nani sasa atawaandikia dawa. Nilifikiri hatutamwona tena mpaka mtu avunjikiwe meno. Nilimkumbuka, nisiwadanganye.

Halafu asubuhi moja akaja. Alisimama mlangoni, plasta mdomoni, hajui kama aingie. Mkahawa mzima ukamgeukia na uma mikononi.

"Karibu, Merle," Darlene akaita toka kwenye mashine ya kahawa. "Umekaribishwa. Ingia."

Watu wakacheka, naye akaingia. Aliketi. Nikampitishia mayai na viazi, na Darlene akayafikisha mbele yake.

"Sijawahi kumaliza hata moja," Merle alimwambia, kwa sauti ndogo iliyosikika hadi jikoni. "Nasoma nyuma ya kasha. Nikijaribu kutazama, ikifika damu ya kwanza, nazima. Zote, Darlene. Miaka yote."

"Najua, mpenzi."

"Nilitaka tu niwe mtu wa kukaa na wewe."

Darlene alichukua kitambaa. Aliifuta kaunta mahali palipokuwa pasafi. Kisha akasema kwamba angekaa naye hata kwenye filamu ya sungura, laiti Merle angemwambia tu. Akachukua chupa ya kechapu na kuiweka mbele yake. Merle aliitazama chupa. Akaishika, akageuza uso pembeni, akajidondoshea tone moja juu ya yai. Nilitaka kumpigia makofi, lakini nilikuwa na mwiko mkononi.

Ushujaa huo ukampa kichwa kikubwa.

"Basi niambie, Darlene," akasema, ameshaanza kuunyoosha mgongo. "Mimi na wewe, itaishaje?"

Darlene akainua kiganja, akafumba macho kwa upole.

"Sitaki kukuharibia utamu, mpenzi."

Uso wa Merle ulichanua mpaka plasta ikabanduka. Aliutazama mkahawa mzima aone kama wote wamelisikia neno lile la mwisho. Darlene alikuwa ameshamgeukia dereva wa lori wa kiti cha pili, birika mkononi.

"Na wewe, mpenzi, nikuongezee?"