Matanga ya Duka Langu

Jumatano, 25 Juni
Nina bahati mimi, Amedeus! Mtaa mzima wa Msamala hakuna wa kunifikia. Duka limefilisika, rafu zimebaki na viberiti na kandambili za mguu mmoja, nami nacheka. Aliyefilisika hana kodi. Asiye na kodi, ritani, ile fomu ya hesabu za mwaka, ya nini? Nimefika Lilongwe, nimefika Nampula, kidato cha pili nilimaliza kasoro mtihani. Haya mambo nayajua.

Mke wangu Lidwina anabisha. Ati ritani inapelekwa hata ukipata hasara, mwisho Jumatatu, na faini ikija itaondoka na cherehani yake, maana humu ndani hakuna kingine kinachouzika. Nikamuuliza, na mimi je? Ati mimi ndiyo kabisa siuziki.

Nimemsamehe.

Alhamisi, 26 Juni
Muhsini, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, kanicheka. Kasema kufilisika si maneno ya kijiweni, watu wa kodi wanataka ushahidi.

Asante Muhsini! Mtu akifa, ushahidi wake nini? Msiba! Nani anamdai marehemu ritani? Nimefunga turubai, nimewasha magogo, nimetangaza matanga ya duka. Lidwina kanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Ijumaa, 27 Juni
Msiba umefana! Watu wa Msamala hawasusi msiba, hata wa duka. Mahindi ndiyo kwanza yametoka shamba: wamekuja na unga, maharage, kuni, jogoo. Kina mama wa jumuiya wameimba mpaka nikalia kweli.

Nikahutubia. Nikasema marehemu alikuwa mwema, hakumnyima mtu kitu kwa mkopo. Muhsini akapaza sauti kutoka nyuma: “Ndicho kilichomuua, kaka!” Turubai zima likaangua kicheko. Na mfiwa pia.

Jumamosi, 28 Juni
Unga umejaa hadi mlangoni. Uoze? Nimempelekea jirani yetu bibi Ida ndoo nzima, mwaka huu hakulima. Uliobaki nimeupanga dukani, bei ya chini. Foleni mpaka barabarani! Muhsini kanuna kama kameza ndimu.

Akaja dada mmoja mpole, kachukua unga na maharage, kaomba risiti. Nikamwambia, dada yangu, duka hili ni marehemu, jana tumelilia, risiti atoe nani?

Akajitambulisha. Nasrin, ofisi ya kodi. Akauliza marehemu kafufuka lini.

Jumatatu, 30 Juni
Lidwina kanipeleka ofisini kanishika mkono kama mtoto wa chekechea. Nasrin katujazia ritani ya mwaka jana. Hasara tupu, kodi hakuna! Kumbe ni kuandika tu. Cherehani imepona, Lidwina kacheka njia nzima.

Ila nilipoomba kufunga biashara, Nasrin kakataa. Duka lenye foleni halijafa, kasema, na ule unga unaingia kwenye hesabu za mwaka huu.

Lidwina kauliza nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba unga uliisha mapema! Nimeshatangaza arobaini ya duka, safari hii waje na mchele. Lidwina kaanza tena kunitisha kwamba cherehani itaondoka na faini.

Na kwa kuwa humu daftarini nipo peke yangu, niseme tu: ile bahati niliyojisifia Jumatano ni uongo. Sina, na sijawahi kuwa nayo; nilicho nacho ni Lidwina na majirani.