Kilo Zangu na Helikopta ya Jumamosi

Jumatatu, 3 Agosti 2015

Leo nimejiandikisha shule ya marubani wa helikopta. Mimi, Nashon, mpimaji maharage wa soko la Kikuubo, Kampala!

Kosa ni la mdomo wangu. Wiki mbili zilizopita, nyumbani kwao Luzira, baba yake Ajok, mpenzi wangu, alisema wazi kwamba binti yake hataolewa na mtu wa maharage. Mzee Oola ni mwanajeshi mstaafu, anapenda watu wenye sare. Na Oloya, yule polisi anayemwinda Ajok wangu, alikuwa amekaa pale pale, kofia magotini. Nikajisikia nikisema maharage ni ya muda tu, nasomea urubani. Wa nini? akauliza Mzee. Wa helikopta, nikajibu. Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema Jumamosi hii anakuja kuniona nikipaa. Nisipopaa, basi, Ajok ni wa Oloya.

Shule ina kozi za kila aina. Ya wanaotaka leseni ya kujirushia wenyewe. Ya wanaotaka kazi. Ya marubani wanaotaka kuwa walimu. Miezi na miezi, vitabu juu ya vitabu! Na chini kabisa kuna kozi ya kuonja: nusu saa hewani, mwalimu anarusha, wewe unashikashika usukani. Nimechukua hiyo. Mtu aliye chini atajuaje mimi niko ngazi gani huko juu? Akili ninayo, sitaki tu kujisifu.

Jumanne, 4 Agosti

Balaa! Mwalimu mkuu, Madamu Marie-Jeanne, Mkongomani asiyecheka, amepiga simu. Jumamosi kila mtu anapimwa uzito kabla ya kupanda. Mwisho kilo mia na tano. Kwenye fomu niliandika themanini na nane. Nilidhani ni mambo ya fomu tu.

Nikasubiri Mama Kaltumi, mwenye duka, aende kuswali. Nikapanda mizani ya kuuzia. 123. Mungu wangu! Nikapanda ya kupokelea. 101. Ukweli uko katikati, kama 112, na sikuutafuta.

Nieleze, maana shajara haina mdomo. Duka letu lina mizani mbili za bluu, pacha kabisa. Ya kupokelea mali ya wakulima hupunguza. Ya kuuzia huongeza. Ile ya kupokelea ina kitambaa chekundu mguuni tusije tukachanganya. Sikuanzisha mimi, nilizikuta.

Basi mizani ya kupokelea ikifika shuleni, mimi ni kilo 101. Halali tupu!

Jumatano, 5 Agosti

Nimeanza kujinyima. Asubuhi ndizi moja. Saa nane chapati tatu za mayai. Wasiwasi unaleta njaa, si kosa langu.

Alhamisi, 6 Agosti

Wakaguzi wa vipimo wameingia Kikuubo bila hodi. Mama Kaltumi akanikonyeza. Nikazitupa mizani zote mbili chini ya magunia, nikaazima ya haki kwa jirani yetu Fabiano. Wakapima, wakaandika, wakaondoka. Jasho lilinitoka hadi soksi.

Kuzifukua, kitambaa kimedondoka. Nikatazama ya kushoto, nikatazama ya kulia. Nikakifunga kwenye ile ya kushoto. Nina kumbukumbu nzuri sana.

Alasiri Mzee Oola na Ajok wakaleta magunia sita ya maharage kutoka shambani kwao Kitgum. Kila mara Mzee hulalamika kwamba magunia yake huondoka na kilo mia na kufika na tisini. Humlaumu dereva wa lori. Mimi humpa pole. Leo kila gunia limesoma mia na kumi! Mzee akaitazama mizani, akanitazama mimi. Nikamwambia mvua imekuwa njema mwaka huu. Akasema maharage yaliyokwisha kukauka hayanywi mvua. Ajok naye alinikazia macho muda mrefu. Ni mapenzi, nadhani.

Ijumaa, 7 Agosti

Ajabu! Duka limefurika. Mama mmoja wa Kasubi amenunua maharage, saa moja baadaye karudi na dada zake wanne. Mama Kaltumi anasema ni dua zake zimejibiwa.

Katika msongamano ule nikaichukua mizani yenye kitambaa. Nikamwambia Mama naipeleka kutengenezwa. Nikaifunga turubai, juu ya boda, hadi shuleni, kwenye uwanja mdogo wa ndege njia ya Entebbe. Mizani yao ni kuukuu, kioo kimepasuka. Nikamkabidhi Madamu Marie-Jeanne yangu kama zawadi ya mwanafunzi mwenye shukrani. Alikaribia kutabasamu.

Kisha nikaiona helikopta kwa karibu. Haina mabawa! Nimeishi miaka yote hii sijawahi kuliwaza hilo.

Jumamosi, 8 Agosti

Aibu, aibu, aibu.

Mzee alikuja na suti na viatu vinavyong'aa. Ajok alivaa gauni la njano. Oloya hakualikwa na mtu, alikuja. Nikajitolea kupimwa kwanza, kifua mbele. 123.

Nikavua viatu. 122. Nikavua koti, mkanda, nikatoa funguo. 121. Oloya akacheka hadi kofia ikamwanguka. Akasema kiti kisipotee bure, atapanda yeye. Akapimwa. 106! Akaapa kwamba wiki jana kliniki ya polisi ilimpa 96. Mzee akapanda. 66. Akasema tangu atoke jeshini hajawahi kupita sitini. Hapo Madamu akapanda mwenyewe. 77. Akashuka taratibu. Akasema kila Jumamosi kwa miaka kumi na mmoja yeye ni sabini. Akauliza zawadi hii nimeitoa wapi.

Kikuubo, nikajibu kwa sauti ndogo.

Mzee Oola akachuchumaa, akashika kile kitambaa. Akasema Alhamisi kilikuwa kwenye mizani iliyonenepesha maharage yake. Kabla ya hapo kilikuwa kwenye ile iliyoyakondesha. Akasema kwa miaka mitatu amemwita dereva wa lori mwizi. Dereva ni mdogo wake, tumbo moja. Hawasemezani tangu Krismasi.

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipiga.

Wakaleta mizani yao ya zamani. Mzee sitini kamili, Oloya 96, mimi 112. Mzee akakaa kiti changu, Oloya nyuma. Wakazunguka juu ya ziwa nusu saa nzima. Mimi nilibaki chini nimeshika kofia ya Oloya. Waliposhuka, Madamu akamwambia Mzee ana mkono mtulivu, afikirie kozi ya leseni. Ajok aliondoka bila kuniaga. Nililia kidogo kwenye boda.

Jumapili, 9 Agosti

Ajok amepiga simu! Baba yake ananiita Luzira leo saa kumi. Mdogo wake Mzee, yule dereva, atakuwepo, nimwombe radhi mbele ya watu. Ajok akasema bado ananipenda, bambi, maskini wangu, lakini hii ndiyo mara ya mwisho. Udanganyifu mmoja zaidi, hata mdogo, na nisimpigie tena simu. Nikaapa. Nikaapa tena.

Kanisani nimetubu kwa dhati. Mimi ni mtu mpya. Nitakiri yote. Isipokuwa la urubani: hilo nitasema nimehamishiwa kozi ya darasani, ambayo ni ya juu zaidi na hawapimi mtu.

Mama Kaltumi ameshagundua kwa nini dua zake zilijibiwa. Amenitukana kwa lugha tatu. Mizani nimeirudisha, na safari hii ile ya kupokelea nimeipaka rangi nyekundu mguuni, haidondoki.

Siwezi kwenda kuomba radhi mikono mitupu. Nampelekea Mzee gunia la maharage, safi, ya kuchagua kwa mkono. Ajok anasema nisichelewe, baba yake ameazima ile mizani ya zamani ya Madamu Marie-Jeanne, iko sebuleni. Sijui ya nini, labda anaanza kujinyima kwa ajili ya kozi.

Gunia liko tayari mlangoni. Kilo mia kamili, nimeziandika ubavuni kwa wino mweusi. Nimelipima mwenyewe, kwenye mizani ya kuuzia. Ni zawadi, nani atakwenda kuipima?